Anayeandika Sauti

Katika mkutano wa mtandaoni kuhusu ufikivu wa tovuti, mtu anayefanya kazi ngumu kuliko wote haonekani wala hasikiki. Mtoa mada ana kisanduku chake cha video, mwongoza kipindi ana chake, mkalimani wa lugha ya alama ana chake. Yeye ana mistari miwili tu ya maandishi chini ya skrini, inayopanda na kutoweka kadiri mazungumzo yanavyosonga. Maneno yake hutokea sekunde mbili au tatu baada ya kutamkwa, nukta na mikato ikiwa mahali pake, majina ya watu yakiwa na herufi kubwa, na watazamaji wengi huamini kwamba ni kompyuta inayoyatoa. Mara nyingi ni binadamu. Yuko nyumbani kwake, pengine bara jingine kabisa na alipo msemaji, amevaa visikizi, na anaandika kila neno kwa vidole vyake bila nafasi ya kurudia.

Nimekuwa nikijitolea katika mikutano ya aina hii nikiwa Dar es Salaam, na kazi ninayoipenda zaidi ni ile isiyogombaniwa: kuangalia manukuu, yaani hayo maandishi ya chini ya skrini. Unafungua matangazo kama mtazamaji wa kawaida, unahakikisha maandishi yanatoka, na yakikatika unawajulisha mafundi. Kwa kuwa ni lazima usome hotuba nzima huku ukiisikia, unajikuta unamfuata mwandishi wa manukuu neno kwa neno, na baada ya muda unaanza kuona anachokifanya.

Mikutano yenyewe ni ya watu wanaojenga tovuti na programu ili zitumiwe na kila mtu, akiwemo asiyeona, kiziwi, asiyeweza kushika kipanya, na anayechoka haraka kusoma. Mmojawapo, WordPress Accessibility Day, ulifanyika kwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 2020, kwa saa 24 mfululizo, mada baada ya mada, ili kila bara lipate sehemu yake mchana. Mwaka huohuo wa korona shirika la inABLE la Kenya, ambalo tangu 2009 limekuwa likifundisha kompyuta wanafunzi wasioona, lilianzisha mkutano wa Inclusive Africa, nao ukaanza kwa kufanyika mtandaoni. Kwenye mikutano ya saa 24 mtu wa Afrika Mashariki ana manufaa ya pekee kwa waandaaji. Usiku wa manane wa New York mwezi Oktoba ni saa moja asubuhi kwetu, na zamu ambayo Mmarekani angeifanya akisinzia sisi tunaifanya tumeshakunywa chai.

Nirudi kwa mwandishi wetu. Hatumii kibodi ya kawaida. Hata mpiga chapa hodari hawezi kufuata mtu anayezungumza Kiingereza kwa mwendo wa kawaida, ambao ni kama maneno 150 kwa dakika, na watoa mada wenye hofu hukimbia zaidi ya hapo. Yeye anatumia mashine ya stenografia yenye vitufe 22, ambayo umbo lake la leo limetokana na ile aliyoibuni Ward Stone Ireland huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kawaida vitufe havina herufi juu yake. Havibonyezwi kimoja kimoja. Mwandishi hushusha vidole kadhaa kwa pamoja, kama mpiga kinanda anavyobonyeza noti kadhaa kwa mara moja, na mpigo huo mmoja unatoa silabi nzima au neno zima. Vidole vya mkono wa kushoto vinashika konsonanti zinazoanza, vidole gumba vinashika irabu, na vya mkono wa kulia konsonanti zinazofunga. Neno la Kiingereza “cat” ni K ya kushoto, A ya kidole gumba na T ya kulia, zote zikizama kwa wakati mmoja.

Herufi zenyewe hazitoshi. Mkono wa kushoto hauna kitufe cha D, wala M, wala N, wala L. Kwa hiyo D ni T na K pamoja, M ni P na H, L ni H na R, na N inahitaji vitufe vitatu: T, P na H. Mtu anayejifunza lazima afike mahali ambapo hawazii tena kwamba anabonyeza T, P na H. Asikie N, na vidole viende. Kinachoandikwa ni sauti, wala si tahajia, na ndipo programu ya kompyuta inapoingia: inachukua kila mpigo, inautafuta ndani ya kamusi, na kutoa neno lenye tahajia sahihi.

Wasomaji wa Tanzania wana kipimo chao cha ufundi huu. Matangazo ya kazi za makatibu mahsusi serikalini yamekuwa kwa miaka mingi yakidai mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika, na kwa ngazi za juu maneno 100. Vizazi vya makatibu walipita Chuo cha Uhazili Tabora wakijifunza kunasa sauti kwa mistari na nukta za kalamu. Aliyewahi kumwona katibu wa zamani akichukua barua kwa imla anajua kwamba 80 si mchezo. Sasa angalia wenzetu wa mashine. Chama cha waandishi wa mahakama cha Marekani, NCRA, kinampa mtu cheti chake cha msingi akiweza kuandika hotuba kwa maneno 180 kwa dakika, maelekezo ya jaji kwa maneno 200, na mahojiano ya ushahidi kwa maneno 225, kila jaribio likidumu dakika tano na usahihi usipungue asilimia 95. Mwaka 2004 Mmarekani Mark Kislingbury aliweka rekodi ya maneno 360 kwa dakika. Nimeitaja rekodi hiyo ili msomaji ajue dari lilipo, lakini kasi siyo inayonivutia zaidi. Kasi ni sharti la kuingia tu. Ufundi unaanza baada yake.

Unaanza kwenye kamusi. Kila mwandishi wa manukuu ana kamusi yake mwenyewe, aliyoijenga kwa miaka, na inaweza kuwa na maingizo zaidi ya laki moja. Ndani yake kuna njia za mkato alizozibuni: fungu zima la maneno la kutoa shukrani linaweza kuwa mpigo mmoja. Kabla ya mkutano wa ufikivu ataongeza mipigo ya “screen reader”, yaani kisoma skrini, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, ya WCAG, ambao ni mwongozo wa kimataifa wa ufikivu uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, na ya NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona. Ataongeza majina ya watoa mada wote. Kama mtoa mada anatoka Lagos au Mumbai au Moshi, jina lake halimo katika kamusi ya mtu wa Ohio, na lisipoingizwa mapema litatoka kama maneno matatu ya Kiingereza yasiyohusiana.

Hapa ndipo mtu wa kujitolea anapokuwa na maana. Wiki kadhaa kabla ya mkutano tunawaandikia watoa mada barua za kuwabembeleza: tuma slaidi zako, tuma orodha ya istilahi zako, tuma jina lako na jinsi linavyotamkwa. Wengine hawajibu. Tunawakumbusha tena kwa upole, kisha tunawakumbusha mara ya tatu. Nimeona kazi hii ikidharauliwa kuwa ya karani, na sikubaliani kabisa na dharau hiyo. Orodha ya majina 40 yaliyoandikwa sawasawa, ikimfikia mwandishi wa manukuu siku mbili kabla, ndiyo inayomfanya kiziwi aliyeko upande wa pili ajue ni nani hasa ametajwa kuwa amegundua jambo fulani.

Kuna mtego mmoja ambao katika mikutano hii hauepukiki. Kiingereza kina maneno matatu yanayotamkwa sawa, “site”, “sight” na “cite”. La kwanza ni tovuti, la pili ni uwezo wa kuona, la tatu ni kunukuu. Mahali pengine hayakutani. Kwenye mkutano kuhusu tovuti zinazotumiwa na wasioona yanakutana katika sentensi moja. Mashine inaandika sauti, na sauti ni moja, kwa hiyo mwandishi lazima awe amelipatia kila neno mpigo wake, kisha achague upi wa kupiga akiwa bado hajasikia mwisho wa sentensi. Ndiyo maana hawaandiki wakimkanyagia msemaji visigino. Wanabaki nyuma maneno machache kwa makusudi, wakiyashikilia kichwani hadi maana ijitokeze, huku vidole vikiandika yaliyotangulia na masikio yakipokea yanayofuata. Ukiangalia kwa makini utaona pengo hilo likirefuka msemaji anapoingia kwenye sentensi yenye vishazi vingi, na kufupika anapotua.

Kisha kuna alama. Msemaji hatamki mkato. Mwandishi anausikia kwenye pumzi. Mzungumzaji mpya akiingia, anaweka vishale viwili kuelekea kulia ili msomaji ajue sauti imebadilika. Kicheko kinaandikwa kwenye mabano, makofi vivyo hivyo, na ukimya mrefu pia, kwa sababu kiziwi anayeona maandishi yamesimama ana haki ya kujua kama msemaji amenyamaza au mtandao umekatika. Akikosea anafuta mpigo wa mwisho kwa kitufe chenye nyota, au kama neno limeshafika kwa watu anaweka vistari viwili na kuandika lililo sahihi. Haombi radhi, hasimami, kwa sababu sekunde ya kusikitika ni maneno matatu yaliyopotea.

Baadhi ya waandishi husafisha maneno ya msemaji, wakiondoa kusitasita na kurudiarudia. Wengine huandika kila kitu. Niko upande wa wanaoandika kila kitu, ilimradi kasi inaruhusu. Mtoa mada aliyeulizwa kwa nini tovuti ya kampuni yake bado haifunguki kwa kibodi, akaanza jibu mara tatu kabla ya kulimaliza, ametoa habari katika kule kujikwaa kwake. Sisi tunaosikia tumeipata. Sioni kwa nini kiziwi asiipate.

Kipindi ambacho kilinifungua macho zaidi kilikuwa cha mtoa mada asiyeona aliyeonyesha jinsi anavyojaza fomu za mtandaoni. Watumiaji wazoefu wa visoma skrini husikiliza kwa kasi ambayo sikio lisilozoea haliambulii kitu. Sauti inakuwa kama mvumo mmoja wa silabi. Kwenye ukaguzi wa mitambo kabla ya kipindi, mwenzangu aliyekuwa akishughulikia sauti alimwomba apunguze kasi ya kisoma skrini wakati wa onyesho, na yeye akakubali bila ubishi, akisema huwa anafanya hivyo kila anapofundisha. Tukampelekea mwandishi wa manukuu ujumbe: kutakuwa na sauti mbili, ya mtu na ya mashine.

Kipindi kilipoanza, mtoa mada alikuwa akieleza, kisha kisoma skrini kinamkatiza kwa kutaja jina la kisanduku, kisha yeye anakijibu, kisha kinasoma kosa. Kwenye manukuu kila sauti ilikuwa na jina lake. Mwandishi alikiandika kisoma skrini kama msemaji kamili, kwa vishale na nukta pacha, na maneno yake yalitoka yalivyotamkwa: “kisanduku cha kuandikia, hakina jina”. Hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe ambalo kipindi kizima kilikusudia kulionyesha, kwamba mjenzi wa fomu hakuweka lebo, na asiyeona anafika kwenye kisanduku asijue aandike jina lake au namba ya simu. Kama manukuu yangeyachanganya maneno ya mtu na ya mashine, kiziwi asingeelewa nani amesema hakina jina. Mtoa mada asiyeona na mtazamaji asiyesikia walielewana kupitia vidole vya mtu wa tatu, na sidhani kama yeyote kati yao alisimama kuwaza jambo hilo.

Maandishi hayo hayaishii kwenye skrini. Mikutano mingi huyatoa pia kwenye ukurasa wa pembeni ambako mtu anaweza kukuza herufi, kubadili rangi, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Kifaa hicho kina safu ya vitundu ambamo vijipini vidogo vinapanda na kushuka, na mtu ambaye haoni wala hasikii huisoma hotuba kwa ncha za vidole wakati inatolewa. Kwa hiyo sauti ya mtoa mada inageuka kuwa mipigo ya vidole vya mtu mmoja na kuishia chini ya vidole vya mwingine. Zamu yangu ya kuangalia manukuu inajumuisha kuukagua ukurasa huo wa pembeni, na ninaukagua mara nyingi zaidi kuliko ninavyoombwa.

Watu huniuliza kwa nini tusitumie manukuu ya kompyuta. Sina ugomvi nayo. Yale ya YouTube, yaliyotangazwa mwezi Novemba 2009, yalisukumwa na Ken Harrenstien, mhandisi wa Google ambaye mwenyewe ni kiziwi, na yamefungulia mlango video nyingi ambazo hakuna mtu angelipia zinukuliwe. Yanazidi kuwa mazuri. Lakini kompyuta ikilisikia jina isilolijua inaandika neno linalofanana nalo kwa ujasiri uleule inaoandikia neno sahihi. Msemaji wa Kiingereza chenye lafudhi ya Kisukuma au ya Kikongo hupoteza maneno mengi kuliko mwenzake wa California. Na kompyuta haiwezi kufanya kitu ambacho nimeona mwandishi wa manukuu akikifanya mara kwa mara: kutuandikia kwenye gumzo la nyuma ya pazia, huku anaendelea kunukuu, kwamba maikrofoni ya mtoa mada inasugua kola ya shati, mwambieni aisogeze. Anajua kwamba kuna mtu anasoma. Mwongozo wa WCAG unataka manukuu kwenye matangazo mubashara katika ngazi yake ya AA, ile ambayo sheria na sera nyingi huitumia kama kipimo, lakini waandaaji wa mikutano hii hawaajiri binadamu kwa ajili ya kipimo. Miongoni mwa waandaaji wenyewe wamo viziwi.

Wakalimani wa lugha ya alama wanastahili makala yao. Niseme tu kwamba hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya dakika kama 20, na yule anayepumzika hapumziki, kwa sababu humfuata mwenzake na kumpenyezea namba au jina lililomponyoka. Mwandishi wa manukuu mara nyingi hana mwenzake wa hivyo.

Ufundi wa kuandika manukuu ulitoka mahakamani na kwenye televisheni kabla ya kufika mtandaoni. Mwaka 1972 kituo cha WGBH cha Boston kilirusha kipindi cha mapishi cha Julia Child kikiwa na maandishi kwa ajili ya viziwi. Tarehe 16 Machi 1980 huduma ya manukuu yanayoweza kuwashwa na kuzimwa ilianza rasmi katika televisheni ya Marekani, ikitumia maandishi yaliyotayarishwa mapema. Kilichokuwa bado ni matangazo ya papo kwa papo, na mwaka 1982, kwenye sherehe ya tuzo za Oscar, mashine za mahakamani zikaunganishwa na televisheni. Tangu siku hiyo msingi wa ufundi haujabadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba mwandishi hahitaji tena kuwa kwenye jengo moja na msemaji.

Wakati wa maswali ndio unaompima mwongoza kipindi. Manukuu yapo nyuma kwa sekunde kadhaa, matangazo yenyewe yapo nyuma zaidi, na kiziwi anayetaka kuuliza lazima asome jibu lililopita, aandike swali lake, alitume. Mwongoza kipindi mwenye haraka akisema tu “naona hakuna maswali” na kufunga, amewafungia nje haohao ambao mkutano uliitishwa kwa ajili yao. Walio wazuri huuliza, kisha hungoja. Ukimya ule kwenye matangazo mubashara unauma, kila mtu anajisikia vibaya, na wao wanauvumilia. Nimemwona mmoja akiutumia kusoma tena kwa sauti anwani ya tovuti ya mtoa mada, herufi kwa herufi, polepole, jambo lililomsaidia msikilizaji asiyeona na pia mwandishi wa manukuu, ambaye kwa mara ya kwanza katika dakika 40 aliweza kunyoosha mgongo. Baadaye kidogo swali likaingia kwenye gumzo, na lilikuwa swali bora la kipindi.

Baada ya mkutano faili za manukuu zinaletwa kwetu sisi wa kujitolea ili tuzisafishe kabla ya video kuhifadhiwa. Unapata hotuba nzima kama ilivyoandikwa, pamoja na makosa yake, na ni hapo unapopima kazi ya mtu kwa uhakika. Kwenye kurasa nyingi sikuwa na cha kurekebisha zaidi ya kuvunja mistari mahali panapofuata maana: kutotenganisha jina la kwanza na la ukoo, kutoacha kiunganishi kikining’inia mwishoni mwa mstari. Makosa niliyoyakuta yalikuwa na mantiki. Kidole kimoja kilichochelewa, herufi moja iliyopungua, na ukijua mpangilio wa vitufe unaweza kuona ni kidole gani. Unaweza pia kuona ni wapi mtoa mada alikimbia.

Ninapofanya usafi huo huwa nafikiria Kiswahili. Mwaka 2010 Mirabai Knight, mwandishi wa manukuu wa New York anayefanya kazi hii kwa ajili ya wanafunzi viziwi, alianzisha programu ya Plover, ambayo ni ya bure na inageuza hata kibodi fulani za kawaida kuwa mashine ya stenografia. Kabla ya hapo programu na mashine zilikuwa na bei ya kumkatisha tamaa mwanafunzi. Plover inakubali pia kamusi na mipangilio ya lugha nyingine. Kwa hiyo kizuizi cha fedha kimepungua, na kinachobaki ni swali la lugha, nalo ni tamu.

Kibodi ya Kiingereza imejengwa juu ya silabi inayofungwa. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo vitufe vya mkono wa kulia, vilivyotengwa kwa konsonanti za mwisho, vingekaa bure. Waitaliano, ambao maneno yao nayo yanapenda kumalizikia kwenye irabu, walikuwa na mashine yao, ile ya Antonio Michela, yenye vitufe mfano wa piano, na Seneti yao imeitumia tangu 1880. Kwetu njia rahisi ingekuwa silabi mbili kwa mpigo, moja kwa kila mkono. Lakini nadhani kuna njia nzuri zaidi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili tayari kimepangika kama mpigo: kiambishi cha mtenda kwenye mkono wa kushoto, njeo kwenye vidole gumba, mzizi kwenye mkono wa kulia. “Ninasoma”, “walisoma”, “tutasoma”, kila kimoja mpigo mmoja, na mkono wa kulia haubadiliki katika vyote vitatu. Vitufe vinne vya vidole gumba vinatoa michanganyiko 15, na njeo zinazohitajika kwanza, -na-, -li-, -ta-, -me-, -ka-, -ki-, -nge- na -ngali-, ni chache kuliko hiyo. Upande wa kushoto una nafasi ya kutosha kwa nafsi zote na ngeli zote.

Kigumu ni kiambishi cha mtendwa, kile cha ndani ya “nimekuambia” na “aliwaona”, kinachokaa kati ya njeo na mzizi mahali ambapo hakuna kidole kilichobaki. Huenda kikahitaji mpigo wa pili, au kitufe cha nyota kikitumika pamoja na kidole gumba. Ningependa kumsikia mwalimu wa hatimkato aliyefundisha Tabora akilizungumzia hilo, maana wanafunzi wake walikutana nacho katika kila barua waliyoichukua kwa kalamu, na bado wakafika maneno 80.